Jogoo wa Shukrani, na Mtoto Bado Mgonjwa

Palikuwa na mama mmoja ambaye binti yake wa miaka kumi na mmoja alipata saratani ya damu. Mizunguko miwili ya kemo, dawa kali ya kuua saratani, ikapita. Nywele zikaondoka, saratani ikabaki. Wazee wa usharika wakaja kumfariji. Wakanywa chai yake, kisha wakamwambia, "Mama, jichunguze. Dawa haigomi bure."

Akajichunguza. Akafunga, akatubu makosa ya ujana, na ya kwake yalipomwishia akaanza kutubu ya mama mkwe.

Siku moja daktari, mwanamke kijana ambaye mama angeweza kumzaa, akamwita. "Mama, majibu ya kipimo cha uboho, ule ute wa ndani ya mifupa, yamerudi. Seli za saratani zina jeni iliyobadilika. Kemo ikiingia, zinaitema kabla haijazidhuru."

"Nimemrithisha mimi?"

"Hapana. Mabadiliko yametokea humo humo kwenye saratani."

"Wala si kwa jambo nililotenda?"

Daktari akaweka kalamu chini. "Kwani umetenda nini, mama, kikubwa hivyo?"

Mama akacheka huku analia. Miezi mitano alikuwa amebeba kosa lisilokuwepo.

"Tunabadilisha dawa," daktari akasema. "Siahidi kupona. Ila sasa tunajua tunapigana na nini."

Jumapili mama akapita mbele na jogoo wa shukrani, kamfunga miguu kwa kitambaa. Vigelegele! Mzee wa kanisa akanyakua kipaza sauti. "Bwana asifiwe! Mtoto kapona!"

"Bado, mzee."

Mzee akashusha kipaza sauti. "Sasa jogoo wa nini, mama?"

"Wa kipimo. Nashukuru amepatikana mtu aliyechungulia uboho wa mwanangu badala ya kuchungulia mwenendo wangu."

Hapo jogoo akawika.

Wapendwa, naona mnageuka kuwatafuta wale wazee. Geukeni mbele. Nani kati yetu hajawahi kunywa chai ya mgonjwa na kumwachia hukumu mezani? Tulimwombea mama yule Mungu amjibu, na Mungu alipomjibu kupitia hadubini, tukauliza jogoo wa nini! Tukienda tena kwa wagonjwa, tubebe uji, tuoshe vyombo, tunyamaze. Na leo, kabla hatujajua mtoto yule atapona au la, tuseme pamoja na mama yake: asante, Baba, kwa waliosoma mpaka wakaona.