Sinia la Bi Zuwena

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya juzi, palikuwa na mji uitwao Mwangozi, na katika mji ule aliishi mwashi jina lake Mbaruku. Kuta zote nyeupe za mji ule alizipaka yeye. Mtu wa kazi, mtu wa heshima, mtu wa kuamkia wakubwa. Ila mambo mawili yalimkosesha raha. La kwanza, alimpenda Bi Mwanasiti, mjane wa mtaa wa juu, akawa amekufa ameoza. La pili, alipenda tambuu, lile jani la kutafuna na popoo na chokaa.

Mtauliza, tambuu ina ubaya gani? Nyamazeni niwaambie. Marehemu mume wa Bi Mwanasiti alikuwa mtafunaji asiye na adabu. Alitema mate mekundu ukutani, alitema mlangoni, alitema hata kwenye mkeka wa wageni. Basi alipozikwa, hata matanga hayajaondolewa, Bi Mwanasiti akasema mbele ya wanawake wote wa mtaa, "Mtafuna tambuu hatavuka kizingiti changu tena! Sitaki hata kuinusa!" Maneno yakasambaa mji mzima, yakamfikia Mbaruku akiwa na tambuu shavuni. Akaimeza.

Tangu hapo akawa anatafuna kwa kujiiba. Kila adhuhuri hupita nyuma ya duka la Bi Zuwena, muuza tambuu, akatafuna upesi upesi kama mbuzi aliyeingia shamba la watu, akatemea kwenye kifuu, akasugua meno kwa mkaa, akamalizia na karafuu. Kisha huyo, anapita chini ya dirisha la Bi Mwanasiti, meno nje, ayaone yalivyo meupe.

Sasa duka la Bi Zuwena halikuwa duka la hivi hivi. Kwingine mtu huagiza. Kwa Bi Zuwena mtu huketi tu. Mama yule alikumbuka kila mdomo wa Mwangozi: nani anataka popoo nyingi, nani chokaa humchoma ufizi, nani hutiliwa iliki mchana na tumbaku jioni. Mkunjaji alikuwa bintiye, Tunu, mwanamke aliyeolewa mtaa wa pili, mwenye maneno machache na macho mengi. Yeye alitazama kinachobadilika. Mtu akianza kutaka iliki kuliko kawaida yake, Tunu husema, "Huyu ana mtu anayemwendea." Na mpelekaji alikuwa jirani yao Chubwa, pande la mtu, sauti kama ya mnadi, ambaye kwake kitu kisichoelezwa kilikuwa bado hakijafika. Bi Zuwena hukumbuka, Tunu hutambua, Chubwa hutangaza. Na watu waliwapenda! Nani asiyependa kujulikana? Umegombana na mkeo, unaketi, unapewa tambuu tamu zaidi bila kusema neno. Unajiona mfalme.

Siku moja Mbaruku alikata tamaa. Akakaa juu ya gunia, akasema, "Bi Zuwena, nimechoka. Nikimwambia kweli, atanifukuza. Nisipomwambia, nitatafunia chooni umri wangu wote. Wallahi, atakayenipatia mwanamke yule nitamjengea baraza ya mawe mlangoni kwake, apumzikie yeye na wajukuu zake!"

"Inshallah, mwanangu," Bi Zuwena akajibu, akampa yake. Lakini neno likiingia kichwani mwa Bi Zuwena halitoki.

Mbaruku akajipa moyo, akapeleka mshenga, na siku ya posa ikafika. Na huko Mwangozi, posa isiyo na sinia la tambuu ni tusi kwa wageni. Bi Mwanasiti, pamoja na kiapo chake, hakuweza kumwaibisha mjomba wake, Mzee Makungu, ambaye ndiye walii wake, wa kumwozesha. Akamtuma shangazi yake Bi Kijoli, bibi wa watu aliyebaki na ufizi mtupu. Bi Kijoli hakuwa mgeni dukani, kila jioni alipita kuchukua ya kwake.

"Leo nataka sinia," Bi Kijoli akasema. "Watakuwapo Mzee Makungu, mshenga, na mposaji, Mbaruku. Kila mtu apate aipendayo, nisiaibike."

Alipoondoka, Bi Zuwena akamwambia bintiye, "Ya Mbaruku itie iliki tupu. Siri yake ni amana kwangu." Tunu alikunja alivyojua yeye, akafunika sinia kwa kawa, Chubwa akalibeba.

Ukumbini walikaa Mzee Makungu na bakora yake, mshenga na maneno yake mazuri, na Mbaruku na meno yake meupe. Bi Kijoli alikuwa mlangoni. Bi Mwanasiti alikuwa nyuma ya pazia, anasikiliza. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri, mahari imekwisha kusemwa, ndipo Chubwa akaingia, akatua sinia, akafunua kawa, akasafisha koo.

"Hii ya Mzee Makungu! Chokaa kidogo, kwa ajili ya ufizi, na tangawizi nyingi, kwa ajili ya lile tumbo la gesi."

Mzee Makungu akakohoa.

"Hii ya mshenga! Iliki tele, kwa ajili ya ile harufu ya mdomo aliyolalamikia mkewe."

Mshenga akafunga mdomo, na hakuufungua tena siku ile.

"Na hii ya Bwana Mbaruku! Tumbaku kali, mara mbili ya watu wengine, ile ile ya kila adhuhuri nyuma ya duka!"

Mbaruku aliona nyumba, mke, watoto ambao hawajazaliwa, vyote vinatoka mlangoni kimoja kimoja. Akasema kwa sauti ndogo, "Mbaruku yupi huyo?"

"Mbaruku wewe!" Chubwa akacheka. "Mji huu una Mbaruku mwingine anayesugua meno kwa mkaa?"

Mzee Makungu akainuka, akaokota bakora. "Posa imekwisha. Kijana, umetudanganya."

"Ngoja, mzee, imebaki moja," akasema Chubwa. "Hii ya aliye nyuma ya pazia! Tumbaku kali, mara mbili, sawasawa na ya Bwana Mbaruku."

Nyuma ya pazia kitu kikaanguka, pu!

"Yangu hiyo!" Bi Kijoli akapiga kelele. "Ni yangu mimi, ya kila jioni!"

"Utaitafunia nini, bibi?" Chubwa akauliza kwa upole. "Wasio na meno tunawatwangia kwenye kinu. Wewe kila jioni unachukua popoo nzima, ngumu kama jiwe. Tunu anasema nyumba hii mwenye meno ni mmoja tu."

Watu wote wakamtazama Bi Kijoli mdomoni. Bi Kijoli akaufumba.

Pazia likasogea. Bi Mwanasiti akatoka, kanga imefunika uso hadi machoni, na macho yenyewe yanatoa machozi. "Nilianza ndani ya eda," akasema. "Nyumba kimya, siku haziishi. Nikasema nionje kitu kilichomshinda marehemu kukiacha. Na nilikuwa nimekwisha kuapa mbele ya watu, mjomba. Ningesema nini?"

Mbaruku akamwangalia. Hofu yote ikamtoka. "Unatemea wapi?" akauliza.

"Kwenye kifuu."

"Mimi pia," akasema Mbaruku.

Mzee Makungu akakaa. Akachukua tambuu yake. Ndoa ikafungwa, pilau ikaliwa, na Mbaruku akahamia mtaa wa juu akiwa na furaha isiyo na mfano.

Haya, hadithi ingeishia hapa tungekwenda kulala. Lakini asubuhi moja, miezi imepita, Bi Zuwena, Tunu na Chubwa walikuja mlangoni kwa Mbaruku, kila mmoja anadai baraza. Na Mbaruku alikuwa na mawe ya kazi moja tu.

Bi Zuwena akasema, "Aliyezijua tambuu zenu ni mimi. Nilizijua mwaka mzima na sikusema kwa mtu. Nimekumbuka na nimenyamaza. Baraza ni yangu."

Tunu akasema, "Mama, ulikuwa na tambuu mbili kichwani, kila moja upande wake, hazijaonana. Aliyezikutanisha ni mimi. Ningekusikiliza, hawa wangekuwa wanasugua meno kwa mkaa mpaka leo. Baraza ni yangu."

Chubwa akasema, "Mmoja alijua, mmoja akatambua. Lakini tambuu iliyo kwenye sinia haina mdomo! Aliyesema mbele ya mzee mwenye bakora ni nani? Angepigwa nani? Baraza ni yangu."

Mbaruku akawa anatikisa kichwa kwa kila mmoja, kwa maana kila mmoja alimwona ana haki. Ndipo Bi Mwanasiti akatoka, mikono kiunoni.

"Baraza? Ya nini? Mimi niliagiza tambuu, sikuagiza kutangazwa! Na kama Mbaruku angekuwa hatafuni, leo ningekuwa wapi? Ningebaki mjane na kichekesho cha mji. Walicheza kamari na uso wangu, ikatokea wakapata. Mdomo ni wangu na kilichomo ni changu. Mume wangu, ukijenga, jenga ukuta kati ya duka lile na nyumba yangu. Uwe mrefu!"

Mbaruku akakuna kichwa. Na hilo pia aliliona lina haki.

"Sawa, bibi," Chubwa akasema, "lakini pokeeni kwanza ya leo." Hakuna aliyeagiza. Akatoa kifurushi, tambuu mbili zimefungwa pamoja. "Ya Bwana Mbaruku, tumbaku kali, mara mbili. Na ya Bi Mwanasiti, leo haina tumbaku kabisa! Ina tangawizi, kwa ajili ya kichefuchefu cha asubuhi."

Mbaruku akageuka polepole. "Kichefuchefu gani?"

Bi Mwanasiti akamtazama Tunu. Tunu akatazama chini. "Juzi na jana uliirudisha tumbaku," akanong'ona.

"Sijamwambia hata shangazi," Bi Mwanasiti akasema. "Nilitaka mume wangu nimwambie mwenyewe. Leo. Nilikuwa nimepika."

Mbaruku akakaa chini palepale juu ya mawe yake, analia na kucheka, hajui ashike mguu wa nani. Bi Mwanasiti akanyakua ile tambuu kwa hasira, akaitia mdomoni, akatafuna. Kichefuchefu kikatulia. Ilikuwa sawasawa na alivyoihitaji, na hilo ndilo lililomkasirisha kuliko yote.

Basi, nyinyi mnaocheka, msinitazame mimi. Mimi yangu natwangiwa, na anayenitwangia ananijua vyema. Mbaruku bado amekaa, mwiko mkononi. Mawe yanatosha baraza moja, au ukuta mmoja, basi. Bi Zuwena alikumbuka akanyamaza, Tunu alitambua akakunja, Chubwa alitangaza, Bi Mwanasiti anadai mdomo wake. Je, nani alistahili mawe yale?