Maji ya Mlangoni

Toa mkono sikioni, Zuhura. Sikio limetogwa juzi, bado bichi, na kila ukilishika unalichokoza. Kaa hapa mkekani nikueleze kwa nini wageni wote waliokuja kukuona wamesimama mlangoni bila kukupa mkono, na kwa nini barazani kwetu pamejaa chupa na madumu ya maji utadhani tuna harusi. Na wewe mama yake, acha kuchungulia njia kuona nani kaja na nani kakususa. Sikiliza na wewe, maana hili linakuhusu kuliko unavyodhani.

Zamani hizo watu wetu walikuwa wamekwisha kupanda kuishi huku juu uwandani, ila akili ya kuishi huku walikuwa hawajaipata. Msichana alipofikia umri wa kutogwa masikio na kuchanjwa chale za begani, fundi alimfanyia kazi hiyo asubuhi, na kesho yake akaketishwa kwenye kigoda uani. Kijiji kizima kikapita kumbariki. Na baraka siku hizo ilitolewa kwa mkono. Kila mtu alichovya vidole katika kibuyu kimoja cha mafuta ya ufuta, akapaka chale zile mbichi, akapapasa na masikio, akasema, "Pokea heri yangu." Aliyetoka shambani alipapasa na udongo wake kuchani. Aliyetoka kuchuna mbuzi alijifuta kidogo kwenye shuka, basi, akapapasa. Mwenye cheo alikawia zaidi ili watu wamwone.

Heshima ya mtoto ilijulikana kwa wingi wa mikono. Mama ambaye mwanawe amepapaswa na watu wengi alitembea kichwa juu mwezi mzima.

Lakini kila msimu ilikuwa kilio. Mabega yalivimba, masikio yakatunga usaha, watoto wakashikwa na homa. Waliobahatika walibaki na makovu manene yasiyo na sura, na ndewe zilizochanika. Wengine hawakubahatika. Watu walipotafuta wa kumlaumu hawakuitazama mikono yao hata siku moja. Walimtazama fundi.

Fundi huyo aliitwa Namtule. Alikuwa mama mtu mzima, mwembamba, mwenye mkono mwepesi hata watoto wakauliza, "Umeshaanza?" wakati yeye amekwisha maliza. Kazi hiyo aliipenda. Lakini msimu mmoja alimchanja mjukuu wake mwenyewe, mtoto aliyependwa na kijiji kizima kwa uchangamfu wake, na foleni ya kumbariki ilianza asubuhi ikaisha jua linatua. Siku ya tisa mtoto yule akazikwa. Namtule alikichomeka kisu chake kwenye makuti ya paa, akaapa hatakishika tena. Usiulize alivyoumia. Alikuwa akiitazama mikono yake mwenyewe kama mali ya mtu mwingine.

Miaka miwili ikapita, na zamu ikamfikia mdogo wa yule mtoto aliyezikwa, Anawena. Fundi mwingine hakuwapo. Mkuu wa kijiji, Mzee Litunu, akaja akasimama uani.

"Namtule, mtoto lazima achanjwe kama wenzake. Ila nakwambia mbele za watu: huyu naye akiharibika, kisu chako tutakitupa korongoni, na wewe utafute kijiji kingine."

"Nimesikia, mzee," akajibu. Angejibu nini? Kuhama kungemuuma, lakini hofu yake haikuwa hiyo. Anawena ndiye mjukuu pekee aliyembakia.

Wiki ile ile, akiwa njiani kutoka kuni, alipishana na binti mmoja aliyejitwisha mzigo. Kanga ilikuwa imemteleza begani, na Namtule akasimama pale pale. Chale za binti yule zilikuwa zimekaa mstari kwa mstari, safi, kama mtama uliopandwa na mtu asiye na haraka. Masikio nayo matundu mazuri, mviringo. Akamkumbuka. Alimchanja siku moja na marehemu mjukuu wake, kwa kisu kile kile. Alikuwa mtoto wa Nankoda.

Sasa Nankoda huyo, jamani, alikuwa na ulimi wa pilipili kichaa. Aligombana na mawifi, akagombana na majirani, na mganga aliyeitwa kuwapatanisha akagombana naye pia. Mwishowe alikwenda kujenga peke yake ukingoni, pale njia inapoanza kushuka bondeni, na hakuna aliyepiga hodi kwake tena. Namtule akapiga moyo konde, akaenda.

"Umepotea njia?" Nankoda akamuuliza badala ya kumkaribisha.

"Nimekuja kukuuliza, mwenzangu. Mwanao ulimtia dawa gani?"

"Dawa niipate wapi? Na mafuta sikuwa nayo." Nankoda alicheka, lakini si kwa furaha. "Nilimketisha kigodani hapo nje, nikamfunga kanga mpya. Tukangoja tangu asubuhi. Hakuja mtu, Namtule. Hata mmoja. Mtoto akaniuliza, 'Mama, mimi sina heri?' Nikamwingiza ndani. Nikachemsha maji, nikayaacha yapoe, nikamwosha nayo asubuhi na jioni, maana ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho cha kumpa. Nikamfunika kitambaa kilichofuliwa kikaanikwa juani. Akitaka kujikuna, namchapa kibao cha mkono. Magamba yakadondoka yenyewe."

Namtule alikaa chini kwenye vumbi bila kualikwa. Alikuwa ameelewa, na alichoelewa kilimchoma. Mtoto aliyechukiwa alipona kwa sababu hakuna aliyemgusa. Mjukuu wake alikufa kwa kupendwa na mikono mingi. Akalia pale mbele ya mwanamke asiyesemezana na mtu, na Nankoda, na ukali wake wote, akamshika bega mpaka alipotulia.

Siku ya Anawena ilipofika, Namtule alikichoma kisu motoni mpaka kikabadilika rangi. Alinawa hadi viwikoni. Masizi ya kupaka aliyakwangua siku ile ile kwenye chungu chake mwenyewe, hakuazima ya mtu. Akachanja, akatoga masikio, akapitisha vijiti vyembamba vya mtama vilivyochemshwa, akamwambia mtoto, "Usivichezee. Vikikwama usivivute, vilowanishe kwanza."

Kesho yake kijiji kilikuja na kibuyu cha mafuta, Mzee Litunu mbele. Walimkuta Namtule amesimama mlangoni, mikono kwenye miimo miwili.

"Heri zenu nazitaka," akasema, "tena nazitaka sana. Lakini mtoto huyu hatashikwa na mkono wa mtu. Kidonda chake bado ni mlango uliofunguka, na kila kilichomo vidoleni mwetu kinaingia. Mkimpenda, mleteeni maji."

Watu wakaguna. Maji! Kwenye uwanda ule hapakuwa na kisima wala kijito. Maji yalikuwa bondeni. Ukitoka alfajiri unarudi jua la utosi, ulimi nje. Mtu aliweza kukupa mbuzi kabla hajakupa kata ya maji. Mzee Litunu alijiona amefukuzwa kama mwizi.

"Mkono wangu una uchafu gani?" akauliza. Hakungoja jibu. Akageuka, na wote wakageuka naye.

Siku mbili hakuja mtu. Namtule alichemsha maji yaliyokuwamo mtungini, akayapima kwa kata, akamwosha mtoto na yeye mwenyewe akalala na kiu. Siku ya nne asubuhi mtungi ulikuwa mkavu. Bega la Anawena lilikuwa limepata joto kidogo na lilimwasha kweli kweli. Alikaa ameikalia mikono yake mwenyewe asijikune, machozi yakimtoka.

"Bibi, nitakwenda kama dada?" akauliza.

"Huendi popote," Namtule akasema. Akachukua mtungi. Kwa kiu ya siku zile asingefika bondeni, alijua hivyo, lakini akaufungua mlango.

Nankoda alikuwa amesimama nje. Mtungi umejaa kichwani, jasho linamchuruzika, na uso umekunjwa kama kawaida yake. Alikuwa ameshuka bondeni tangu alfajiri.

"Usinishukuru," akasema. "Washa moto."

Akautua mtungi mlangoni, asiingie. Akaonyesha viganja vyake vitupu, akamwambia mtoto kutoka pale pale, "Pona, mwanangu."

Wanawake wawili waliokuwa wakitwanga jirani waliyaona hayo, wakaacha kutwanga. Mtu aliyetengwa na kijiji alikuwa amembebea mtoto wa kijiji maji kichwani, na wao wamekaa wamenuna! Aibu ikawashika. Kesho yake ilikuja mitungi mitatu, kesho kutwa tisa. Siku ya saba akaja Mzee Litunu mwenyewe, na mtungi kichwani, yeye ambaye hakuwahi kubeba maji tangu azaliwe. Nusu yalikuwa yamemmwagikia, watoto wanamcheka wazi wazi, naye anatembea shingo imekakamaa. Akautua mlangoni, akafungua viganja. "Pona," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Bega likapoa. Kuwasha kukaisha. Magamba yakadondoka moja moja, na chini yake chale zikaonekana, nyororo, za kung'aa. Anawena akatoka nje akageuka huku na huku ili kila mtu aone, na Namtule akakirudisha kisu mahali pake, si kwenye makuti ya paa tena, bali kwenye mkoba wake wa kazi.

Na tangu siku hiyo, hapa kwetu mwenye kidonda kipya cha urembo hapewi mkono. Mgeni husimama mlangoni, hutua maji, huonyesha viganja vitupu na kusema, "Pona." Hata leo tunafungua bomba na maji yanatoka, bado tunakuja na maji yaliyochemshwa. Hata wanaume hubeba siku hiyo. Na maji ya kwanza kuoshea kidonda, ukiweza kuchagua, ni ya yule mliyegombana naye, kwa kuwa ya kwanza yale yaliletwa na Nankoda.

Ndiyo maana nimesema hili linakuhusu, mama Zuhura. Hujasemezana na mama Bakiri tangu kuku wake waingie bustanini kwako, miezi mitano sasa. Mimi nimekaa nimeelekea dirishani, na tangu nianze kusimulia namwona amesimama pale kwenye mchongoma, chupa mkononi, anaogopa kupiga hodi.

Zuhura, tulia, mkono chini. Mama, nenda kamfungulie.