Kofia Iliyoziba Kamera

Sogeeni karibu, lakini mjue mapema kwamba hadithi hii haina mwisho. Asiyependa kubishana aondoke sasa, kabla sijamkosanisha na jirani yake. Mimi imenikera tangu siku niliyoisikia, na nimeona si haki nikereke peke yangu.

Makambako, pale barabara ya Njombe inapokutana na barabara kuu, kulikuwa na yadi ya malori ya bwana mmoja aitwaye Mtewele. Malori yake yalibeba viazi kwenda Dar es Salaam. Ndani ya yadi hiyo walikuwepo wafanyakazi watatu, na kila mmoja alijaliwa chake.

Edina Chaula alijaliwa jicho. Ungempa picha mbili zinazofanana, akakuonyesha kilichotofautiana wewe ukiwa bado unatafuta miwani.

Fidelis Ngailo alijaliwa mikono. Kitu chochote chenye waya kikikataa kuwaka, yeye alikibembeleza mpaka kiwake, na kama hakuna njia, alitengeneza njia.

Tulizo Mbilinyi alijaliwa watu. Yeye ndiye aliyepanga safari za madereva, na kutoka Makambako mpaka Dar es Salaam hapakuwa na muuza mahindi, fundi wa matairi wala mama ntilie ambaye hakuwa na namba yake kwenye simu. Hata mlinzi wa kanisa alikuwa nayo.

Basi, Bosi Mtewele alinunua kamera. Kila lori likafungwa mbili kwenye kioo cha mbele: moja inatazama barabara, nyingine inamtazama dereva usoni. Picha zote zilikwenda kwenye mtandao, na Edina alizisimamia kwenye kompyuta ya ofisini, kwenye ukurasa unaoonyesha kila lori liko wapi na nani analiendesha. Dereva akifanya kosa, ukurasa unapiga kengele na kuwaka nyekundu. Bosi alifurahi sana. Aliwaita madereva, akawaambia, "Kuanzia leo kamera ndiyo utingo wenu," na utingo wote wakarudishwa makwao. Dereva akabaki peke yake na viazi.

Hapo ndipo kero ilipoanza. Madereva wa kule wana desturi yao: wakipishana, lazima mtu anyanyue mkono juu, kiganja wazi, na aushikilie hivyo mpaka mwenzake apite. Usipofanya hivyo, jioni utaulizwa umekuwa waziri lini. Lakini mfumo haukufundishwa salamu. Kila mkono ulipotoka kwenye usukani, mfumo uliandika: Dereva hayuko makini. Malori yalisalimiana, kompyuta ikalia. Asubuhi inalia, mchana inalia, na kila kinacholia kinakwenda pia kwenye simu ya bosi.

"Edina, zima makelele hayo!" bosi alifoka.

"Nikizima, bosi, nitazima na lile la kweli."

"Utalijuaje la kweli?"

"Nitaliangalia."

Bosi akachoka kumbishia. Akazima simu yake. Lori likapiga kengele, simu ikalala.

Madereva nao hawakuwa malaika. Kula ukiwa kwenye usukani lilikuwa kosa, kwa hiyo mtu akitaka kutafuna hindi lake, alivua kofia akaivisha kamera inayomtazama. Mfumo uliandika: Kamera imezibwa. Edina alijua, akanyamaza. Hindi likiisha, kofia ilitoka, maisha yakaendelea.

Sasa sikilizeni siku yenyewe. Bosi alikuwa kwenye maziko ya shemeji yake, simu imezimwa kama kawaida yake. Lori moja la viazi lilikuwa njiani, linakaribia kuanza kushuka Kitonga. Mnaopajua Kitonga mnajua: mlima upande mmoja, korongo upande wa pili, kona juu ya kona, na magari yamefuatana. Kwenye ukurasa iliandikwa kwamba dereva ni Mhema.

Edina ndiye aliyeona. Katikati ya kengele zote zile za salamu ilikuja moja iliyofanana nazo kila kitu: mkono juu, kiganja wazi, kimeziba nusu ya uso wa dereva. Mtu mwingine angepita. Yeye alifungua picha ya kamera ya barabara, ya wakati uleule. Barabara ilikuwa tupu. Hakuna gari, hakuna pikipiki, hakuna hata mbuzi. Dereva alikuwa anaisalimia hewa! Dakika hiyohiyo kofia ikapanda juu ya kamera, na haikushuka tena.

"Anakula," alisema karani wa mizani aliyekuwa akipita.

"Hakuna hindi la kuliwa muda wote huu," Edina akajibu.

Akataka kuona picha ya moja kwa moja. Mfumo ukamtoa nje, maana una tabia ya kukutoa nje ukikaa sana. Akaandika neno la siri. Kwa haraka zake akakosea. Akarudia, akakosea tena. Mfumo ukajifunga kabisa, ukamwambia kwa adabu zote kwamba namba ya kuufungulia imetumwa kwenye simu ya msimamizi mkuu. Msimamizi mkuu ni nani? Bosi. Bosi yuko wapi? Makaburini. Simu je? Nimeshawaambia. Mtu anaweza kulia kwa hasira mbele ya kompyuta, na Edina alilia.

Fidelis ndiye aliyefungua. Alikuwa juu ya lori lingine akikaza waya, akasikia kilio, akaruka chini. Katika simu yake alikuwa na programu ya mafundi, ile ya kuongea na kamera bila kupitia kwenye ukurasa. Bosi alimkataza kuitumia na alimwambia wazi kwamba siku akiigusa, siku hiyo hana kazi. Fidelis aliigusa. Mtandao wa mlimani ulikuwa hafifu, picha zikakataa kuja. Akazipunguza ubora, akazikata vipandevipande, akazivuta moja moja kama mtu anayechota maji kwa kikombe. Mwisho wa yote kamera ya barabara ikaonyesha kitu: lori limesimama nusu kwenye lami na nusu nje, pua imeelekea mteremko, na picha inatetemeka kwa sababu injini bado inaunguruma. Kando ya barabara yalionekana mapipa mawili na turubai la bluu.

"Liko wapi hapo?" Edina akauliza.

Fidelis hakujua. Alama ya lile lori kwenye ramani ilikuwa imeganda tangu wiki iliyotangulia. Kuirekebisha ilikuwa kazi yake, naye alikuwa akisema kesho, kesho.

Tulizo ndiye aliyejua. Walimwita kutoka kantini, na hapo wakapata mshangao: alikuwa ameketi meza moja na Mhema, dereva ambaye mfumo ulisema ndiye yuko kwenye lori lile. Mhema alikuwa na ugali mdomoni.

"Kama wewe uko hapa, kule yuko nani?" Fidelis alipiga kelele.

"Lukelo," Tulizo akasema polepole. "Lori lake lilikuwa gereji. Nikampa la Mhema. Sikubadilisha jina kwenye mfumo."

Mabadilishano ya namna hiyo yalifanyika kila siku pale yadini. Kilichokuwa kipya ni uso wa Tulizo, uliobadilika. Lukelo Mgaya alikuwa na ugonjwa wa kisukari na alikuwa akijichoma sindano, ile ambayo usipokula baada yake, sukari hushuka mpaka ukazirai. Alimwambia Tulizo peke yake, akamwomba asimwambie mtu, maana aliogopa kunyang'anywa usukani. Tulizo alitazama picha mara moja tu. "Turubai la bluu hilo ni la Mama Nesto, anayeuza maji ya rejeta." Tayari simu ilikuwa sikioni.

"Kamwene, Mama Nesto. Ni Tulizo. Lori la viazi lililosimama hapo mbele yako, dereva anaumwa. Zimeni injini, wekeni mawe kwenye matairi. Usimnyweshe kitu, atapaliwa. Chukua sukari, mpake kwenye fizi. Halafu simamisha gari lolote, apelekwe hospitali."

"Mwanangu, mimi nilidhani amelala!" Mama Nesto akasema, na wakasikia ndala zake zikikimbia.

Mlango wa lori ulifunguliwa. Lukelo alikuwa ameegemea usukani, jasho limemlowesha, mguu wake ukiwa umeteleza kutoka kwenye breki. Breki ya mkono aliivuta nusu. Kifurushi cha chakula chake kilikuwa sakafuni, hakijafunguliwa: alivisha kamera kofia ili ale, akazidiwa kabla. Hospitalini daktari alisema angechelewa kidogo tu, wangempokea maiti. Na lori lile lingeachia, sijui ni magari mangapi lingeondoka nayo kule chini.

Najua kuna mmoja wenu anataka kuniuliza, na Mama Nesto je? Mama Nesto alipewa shukrani zake, lakini hakuajiriwa na Mtewele, kwa hiyo turudi yadini.

Lukelo alipona. Daktari alimpangia sindano na chakula upya, akamruhusu kurudi kazini kwa sharti kwamba ugonjwa wake usifichwe tena, na awepo mtu anayemwangalia anapokuwa njiani. Siku aliyorudi, Bosi Mtewele aliwakusanya wote ofisini. Edina alidhani watapongezwa. Alikuwa amevaa gauni la Jumapili.

"Nimefurahi," bosi akasema. "Lakini nimeingia mkataba na watu wa Dar es Salaam. Wao ndio watakaosimamia kamera zangu huko huko kwao. Hapa nahitaji mtu mmoja tu, wa kumwangalia Lukelo njiani kama daktari alivyotaka. Wawili waende."

Ndiyo, ndugu zangu, ndiyo shukrani hiyo! Mtu anaokolewa na watatu, halafu wanaambiwa abaki mmoja.

"Nani atabaki, bosi?" Edina akauliza.

"Mimi siwezi kuchagua, mtasema napendelea." Bosi akamgeukia Lukelo. "Aliyeokolewa ni wewe. Utakayemtaja ndiye atakayebaki."

Lukelo alitamani ardhi immeze. Nao wale watatu, waliokuwa wakila sahani moja, wakaanza.

"Ningepita ile picha kama wengine, nani angejua kwamba kuna mgonjwa?" Edina alisema. "Fidelis na Tulizo wangekimbilia nini?"

"Uliona, kweli," Fidelis akajibu. "Halafu ukaufunga mfumo kwa mikono yako mwenyewe. Jicho lako lingebaki linatazama kioo cheusi. Mimi niliweka kazi yangu rehani nikaufungua. Nani mwingine alihatarisha kitu hapa?"

"Ulifungua ukaona mapipa," Tulizo akasema. "Kwa sababu ramani uliiacha imeganda. Mngekaa mnaangalia mapipa mpaka jioni. Mimi ndiye niliyejua ni nani, ni wapi na anaumwa nini."

"Ungeandika jina lake na ugonjwa wake mahali panapostahili, tusingefika huko!" Edina alimgeukia, macho mekundu. "Uliifanya siri ya mtu kuwa yako, ikabaki kidogo imuue."

"Aliniomba!" Tulizo akasema. "Na wewe ulijua kuhusu kofia, ukanyamaza."

"Ningesema, mngeniita mchongezi!"

"Basi!" Lukelo akapiga meza. "Nimepona sukari, sasa mnataka niugue kichwa? Kofia niliivisha mimi. Siri niliiomba mimi. Bosi, waache wote wabaki."

"Mmoja," Mtewele akasema.

"Basi niondoke mimi."

"Ukiondoka, nitawaondoa wote watatu. Nimekupa mpaka lori lako limalize kupakiwa."

Lukelo akatoka nje, akasimama karibu na lori lake. Vijana walikuwa wakipandisha magunia ya mwisho ya viazi. Alijaribu kila jina mdomoni. Akimtaja Edina, kule njiani litakuwepo jicho linalojua tofauti ya salamu na kifo, lakini likiona, halina mlango wala mtu wa kumpigia. Akimtaja Fidelis, mlango utafunguka kila wakati, ila hatakuwepo wa kushtuka kwamba ufunguliwe. Akimtaja Tulizo, simu italia kwa Mama Nesto mara moja, kama kuna atakayemwambia Tulizo kwamba sasa ndio wakati wa kupiga. Alihesabu hivyo akarudia, akakuta kila mara anakufa mahali pengine.

Turubai likafungwa. Mpakiaji akagonga ubavu wa lori kwa kiganja kuonyesha kwamba tayari. Mlangoni mwa ofisi walisimama watatu wale, na nyuma yao bosi, anatazama saa.

Lukelo akawageukia, akafungua mdomo.

Mimi aliyenisimulia aliishia hapo, akanywa chai yake akaniacha na hasira. Nimewauliza madereva, wamesema Tulizo. Nimewauliza mafundi, wamesema Fidelis bila hata kufikiri. Mke wangu amesema Edina, na tangu jana hatuelewani vizuri. Kwa hiyo msinitazame mimi. Lori limepakiwa, Kitonga inakungoja, na kati ya hao waliokupa uhai wako utabaki na mmoja tu wa kukuangalia. Haya, wewe uliyekaa hapo unayetikisa kichwa: ungemtaja nani, na hao wawili wengine ungewaambia nini?