Pomboo, Konokono na Nyati Mmoja

Mwaka huo vuli haikunyesha, na masika ikapita kavu. Mto ulipopungua, pomboo waliokaa mlangoni mwake walinaswa nyavuni mmoja mmoja, wakabaki saba. Msituni nako konokono wakawa haba. Simba akatangaza: ana mlinzi mmoja tu, Nyati, naye atapewa aliye karibu zaidi na kutoweka. Baraza likaitwa pale mtoni.

Pomboo alifika wa kwanza. Akaruka juu, akapiga mbinja, akamwinamia mfalme. Wanyama wakabubujikwa na machozi.

Bi Konokono alifika siku ya tatu, anahema.

"Umechelewa, Bibi," Simba akakunja pua.

"Niliondoka siku ile ile uliyotangaza, Mfalme."

Fisi akatua tenga lililojaa makombe ya konokono. "Pomboo ni saba tu, Mfalme wangu. Konokono hawa hapa, mia mbili! Nyati abaki mtoni."

"Mbona hawatembei?" Sungura akauliza.

"Kiangazi hiki! Wamejifungia ndani, wamelala."

"Si kweli," akasema Bi Konokono. "Siku hizi nikiita, simsikii hata mmoja."

"Kwa mwendo wako, ungewafikia lini?" Fisi akacheka. Wote wakacheka, hata Pomboo.

Sungura akachukua kibuyu cha Simba.

"Maji yangu ya kunywa!"

"Konokono aliyelala huamshwa na maji, Mfalme. Ni kidogo tu."

Akayanyunyiza. Wakangoja. Katika makombe mia mbili, zilichomoza pembe mbili tu, laini, zikipapasa hewa.

"Dada!" akalia Bi Konokono.

Sungura akainua kombe jingine. Lilikuwa tupu, lina alama za meno.

"Nilionja tu," Fisi akanong'ona.

"Mia na tisini na tisa?"

Kumbe Fisi alitaka Nyati aondoke msituni ili amalizie waliobaki.

Pomboo hakucheka tena. "Sisi saba tumeliliwa na kila mtu. Hawa ni wawili, nasi tumewacheka. Nyati aende kwao."

"Na nyinyi?" Bi Konokono akauliza.

Wote wakamtazama Simba. Akajikohoza, akatazama matope, akashusha pumzi. Tangu siku hiyo mfalme hushinda mtoni, tope hadi magotini, akingurumia kila wavu unaotupwa. Fisi naye huchota maji ya kulowanisha kichaka cha konokono, pembe za Nyati zikiwa nyuma yake.

Njia ya mwongo ni fupi.