Sikio la Mama Yake Kiboko

Zamani, watoto, enzi ambazo wanyama wakifiwa walikaa matanga kama sisi, kulitokea ukame uliokausha mito yote, likabaki bwawa moja tu. Bwawa hilo lilikuwa la Bwana Kiboko, na Bwana Kiboko alikuwa amefiwa na mama yake.

Akamwita Mama Ndezi. Mnamjua ndezi, yule kama panya mnene anayekaa kwenye matete? Basi huyo alikuwa fundi wa kuchonga, na patasi yake ilikuwa meno yake mawili ya mbele.

"Nichongee sanamu ya mama, kwa mpingo," Kiboko akamwambia. "Ikinipendeza, wewe na wanao mtakunywa hapa. Isiponipendeza, msikanyage."

Mama Ndezi alikuwa na watoto watatu nyumbani, midomo imepasuka kwa kiu. Akauliza marehemu alikuwaje. Kiboko akageuza uso, akasema alikuwa mama, basi.

Akachonga, kwaru, kwaru, kwaru, siku nne. Kiboko akaitazama sanamu, akasema bado. Bado wapi? Hajui. Iwe na uhai zaidi.

Akachonga ya pili. Kiboko akasema sasa uhai umezidi, na kuna kitu kinakosekana. Kitu gani? Hilo fundi ndiye wa kulijua. Ya tatu hata hakuitazama vizuri, akaisukuma kwa pua, chubwi, ikazama.

Mama Ndezi akarudi nyumbani jino moja limevunjika, akamkuta mtoto wake mdogo hana tena nguvu ya kulia. Mimi nikifika hapa hunipanda hasira, lakini sikilizeni.

Akakaa akawaza. Huyu hawezi kusema anachotaka, akajiambia, lakini huenda akasema asichokitaka.

Basi akatafuta mti laini, akachonga harakaharaka kiboko mmoja wa ovyo: shingo imenyooka, masikio mawili mazima, mdomo unacheka. Akampelekea.

"Leo sina wasiwasi, Bwana Kiboko," akasema kwa sauti tamu. "Waliomjua wamesema ndiye hasa. Kesho naisimamisha kaburini, kila mpitaji amwone mama yako."

"Nani kasema?" Kiboko akafoka, maji yakatikisika. "Mama hakuwa na masikio mawili. La kushoto lilikatika."

"Lilikatikaje?"

Kiboko akazamisha pua majini, akaitoa.

"Nilikuwa mdogo," akasema. "Alinikataza kwenda upande wa mamba, nikaenda. Alipokuja kunitoa, sikio likabaki kinywani mwa mamba. Tangu siku hiyo alikuwa akiinamisha kichwa upande mmoja ili anisikie nikisema. Sikuwahi kumwomba radhi."

Akalia, dude zima lile. Mama Ndezi akamwacha mpaka akatulia.

"Hakuna aliyeniambia kitu," akasema. "Nilikudanganya ili useme. Nilikuuliza mara tatu, na mara tatu ukanificha hilo sikio."

Kiboko akaona haya. Siku ileile akawaruhusu watoto wa Ndezi wanywe. Yule mdogo alinyweshwa akiwa amelazwa ukingoni, tone kwa tone.

Mama Ndezi naye akarudi kwenye mpingo na jino lake moja. Akachonga kichwa kilichoinama upande, na sikio la kushoto limebaki kishina. Safari hii Kiboko hakudai uhai. Aliweka kidevu chini mbele ya sanamu, akakaa hapo mchana kutwa.

Baadaye akauliza, kwa upole, mwili na miguu vitakuja lini.

Mama Ndezi akafungua kinywa. Lile jino lililokuwa limebaki lilikuwa limekwisha mpaka kwenye ufizi.

"Meno ya mwili na miguu," akasema, "yaliishia kwenye zile sanamu tatu ulizozikataa."

Sanamu ikabaki hivyo, kichwa tu juu ya gogo lisilochongwa, kimeinama kana kwamba kinasubiri kuambiwa neno.

Basi, wanangu, ukimpa fundi kazi, mwambie mapema kipi si sawa na kwa nini, maana "haijanipendeza" haimfundishi kitu, inammaliza meno tu.