Bi Raihana na Mwana Mwenye Hofu

Imepokewa kutoka kwa watu wa kheri waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, kwamba katika mji mmoja wa Khurasani aliishi mjane mcha Mungu aitwaye Bi Raihana, mama wa wana wawili, Suhaibu na mdogo wake Luayi. Zama hizo afyuni, ile dawa ya kulevya, ilikuwa imeingia mjini na kuharibu vijana wengi. Bi Raihana hakuomba dunia. Aliomba wanawe wasalimike.

Kila baada ya swala ya alasiri aliwaketisha wote wawili akawaonya juu ya afyuni kwa onyo lile lile: adhabu ya kaburi, giza lake na nyoka wake. Suhaibu, mpenda hatari, alilisikiliza kwa macho ya kung'aa. Mama akamshtukia kuwa hatari ndiyo inayomvuta, akamtafutia kazi ya kufunza farasi wakali. Kijana akawa anarudi jioni hoi bin taaban, amejaa vumbi na furaha, hana haja na kingine. Luayi, mpole, alilia kila alipoonywa. Mama akamshukuru Mola, akidhani huyu amekwisha kuokoka.

Maskini, kumbe huyo ndiye aliyekuwa akizama.

Siku moja alimkuta uani, macho yamelegea, donge la afyuni kiganjani. Bi Raihana akainua mkono ampige.

"Mwanangu, hukunisikia?"

"Nilikusikia mno, mama. Kaka akisikia habari za kaburi hucheka. Mimi nikifumba macho naliona. Hii ndiyo inayonipa usingizi."

Mkono ukashuka. Bi Raihana akaketi chini kando yake, akilia kwa uchungu.

"Nisamehe, baba. Nilikuonya kana kwamba wewe ni nduguyo."

Tangu hapo akawa anamsimulia rehema za Mola. Kila hofu ilipomshika alimwuliza, "Unaogopa nini? Kitaje," naye akakitaja, wakaomba dua pamoja. Haikuwa kazi nyepesi. Luayi aliteleza tena na tena, na mama hakumfukuza.

Hata adhuhuri moja kijana akaja mbio, akafungua kiganja. Donge lilikuwa zima, halijaguswa.

"Mama, ninaogopa," akasema. "Nimekuja kwako kwanza."

Enyi wazazi na walimu, Mola atujaalie kuwajua watoto wetu kabla hatujafungua vinywa kuwaonya.