Wayo wa Bi Mwantumu

Nipeni masikio yenu, nami nitawapa aibu yangu.

Tulikuwa mafundi watatu wa miguu ya bandia, kwenye karakana moja huko Korogwe. Nyayo tulizitengeneza kwa mpira uliochanganywa na nyuzi fupi za mkonge. Namkunda alikata nyuzi. Jicho lake lilipima kuliko rula. Mhina alizichemsha kwenye magadi utelezi utoke, mpira upate kuzishika. Mimi, Semboja, niliupitisha mpira kwenye mashine hadi nyuzi zote zilale upande mmoja, kisha nikakata wayo nyuzi zikitoka kisigino kwenda vidoleni. Zikilala hivyo, wayo unapinda lakini haukatiki.

Bi Mwantumu, mteja wetu aliyevaa mguu wa bandia, alikuwa akimwoza binti yake, akataka wayo mpya haraka.

Namkunda akazikata nyuzi fupi mno ili amalize upesi. "Mhina akizisafisha zitashika tu," akajisemea.

Mhina naye akazisuuza kwa maji matupu. Alijua Namkunda hakosei kipimo, wala mimi sikosei kulaza.

Na mimi? Kipande cha mpira kilikuwa kidogo, nikakata wayo kwa upana, nyuzi zikakingama. Nilijua, jamani, nilijua. Nikajiambia kwamba kazi ya wale wawili itanisitiri.

Siku ya harusi Bi Mwantumu akainuka kumtunza binti yake, akicheza. Wayo ukakatika. Akaanguka mbele ya wakwe, kanga ikafunuka, mguu wa bandia wote nje.

Tuliupasua wayo ule, tukautazama. Mhina akasema polepole, "Hata mmoja wetu tu angefanya kazi yake sawasawa, ungehimili."

Tangu siku ile Bi Mwantumu hatoki nje. Ametuma neno: "Wayo mwingine nitavaa, ila aje kunivisha yule aliyeniangusha, aniombe radhi usoni. Mtu mmoja. Mkija watatu nitajua mmegawana kosa ili liwe dogo."

"Niende mimi, kosa lilianzia kwangu," Namkunda akasema huku analia.

"Hapana, dada. Ni mimi niliyeziacha na utelezi wake," akasema Mhina.

Mimi nikajitia kufagia karakana. Naona haya kuwaambia, lakini nilitamani wabishane hadi mmoja wao aende.

Wayo mpya uko tayari, umekaa mezani siku ya nne leo. Haya, nyie mnaonisikiliza, mngemkabidhi nani aupeleke? Semeni, ila msinitazame.